Nyumba ya bawabu ipi ukaione Ireland: Castletown, Dromana au Ballysaggartmore?

Mdogo wangu anasomea usanifu majengo, na mwaka huu amepata nafasi ya kuja Ireland kwa siku chache. Alinipigia simu na swali moja: "Dada, makasri nimeyachoka kwenye picha. Nataka kuona nyumba ya bawabu, lakini nina siku moja tu ya kuzunguka. Niende ipi?" Nilimtajia tatu, kisha nikashindwa kumwamulia, maana kila moja ina jambo ambalo zile nyingine mbili hazina. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa yeyote aliyekwama kama yeye.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Katika karne ya 18 na ya 19, mamwinyi wa mashamba ya Ireland na Uingereza walizungushia milki zao kuta ndefu za mawe. Palipoachwa nafasi ya kuingia palijengwa lango, na pembeni mwa lango nyumba ndogo ya bawabu na familia yake. Kazi ya bawabu ilikuwa kusikiliza magurudumu ya gari la farasi, mchana au usiku, na kutoka mbio kufungua. Mara nyingi nyumba ilikuwa na vyumba viwili au vitatu tu. Kuna malango yaliyojengewa vijumba pacha, kimoja kila upande, ili mlingano wa kulia na kushoto upendeze machoni pa mgeni. Familia ilipika upande mmoja na kulala upande wa pili, na kila usiku watoto walivuka barabara ya gari, mvua inyeshe isinyeshe. Mchoraji aliufikiria mlingano, hakumfikiria mama aliyebeba sufuria ya uji.

Hata hivyo, nyumba hizi ni hazina kwa mtu anayependa majengo. Kwa kuwa zilikuwa ndogo na gharama yake ilivumilika, wenye mali walijaribu hapo mitindo ambayo wasingethubutu kuijaribu kwenye jumba kubwa. Na kwa kuwa mgeni aliiona nyumba ya bawabu kabla ya jumba lenyewe, ilibidi iseme mengi kwa maneno machache. Sisi wa pwani jambo hili hatuhitaji kulielezwa sana. Unguja inasimuliwa kwamba mlango wa nakshi ulisimamishwa kwanza, nyumba ikafuata nyuma yake, na mpita njia akamjua mwenye nyumba kwa misumari na maua ya mlango wake kabla hajapiga hodi.

Nimezipima tatu hizi kwa mambo yale yale: jengo lenyewe na mtindo wake, watu walio nyuma yake, jumba ambalo lango lilikuwa likilitangaza, na mwisho safari, gharama na malazi. La jumba naliona zito kuliko yote, na ndilo watu wengi husahau kuliuliza.

Jengo lenyewe

Nyumba ya Castletown, iliyo Celbridge katika kaunti ya Kildare, inaitwa Batty Langley Lodge. Batty Langley alikuwa Mwingereza, mbunifu wa bustani na mtungaji wa vitabu vya michoro vilivyonunuliwa sana na mafundi na wenye mashamba. Alitaka kuupa mtindo wa Gothiki, ule wa makanisa ya zamani wenye matao ya ncha, kanuni za vipimo kama zilizokuwepo kwenye nguzo za Kigiriki na Kirumi. Alifariki 1751. Uso wa nyumba hii ni wa 1785, kwa hiyo mchoro ulisubiri zaidi ya miaka thelathini baada ya mchoraji kuzikwa ndipo ukawa mawe. Tena mchoro wenyewe ulikuwa wa kibanda cha mapambo cha bustanini, si wa nyumba ya kuishi mtu.

Usiishie kuitazama kwa mbele. Mbele utaona mawe yaliyochongwa, matao ya ncha, vipambo vya duara na vijinara juu, vyote vimepangwa kama ukurasa wa kitabu uliosimamishwa wima. Nenda pembeni taratibu. Mapambo yanakoma, na nyuma yake inabaki nyumba ndogo ya kawaida. Kwa mwanafunzi, ile kona moja inafundisha maana ya uso wa jengo kuliko muhadhara wa saa mbili: unaona kwa macho mahali ambapo maonyesho yanaishia na makazi yanaanza.

Dromana, karibu na kijiji cha Villierstown katika kaunti ya Waterford, ni kitu kingine kabisa. Lango limesimama kwenye daraja juu ya mto Finisk, mto mdogo unaoingia katika mto Blackwater. Katikati kuna tao, juu yake kuba la kijani lenye umbo la kitunguu, na pembeni minara myembamba kama ya msikiti. Ila madirisha yana ncha za Kigothi. Watu wa majengo huuita mtindo huu wa Kihindi-Gothiki, na sijui jengo jingine Ireland linalofanana nalo.

Hapa nitakaa kidogo, maana kuba hili lina safari ndefu. John Nash, msanifu majengo Mwingereza, aliligeuza kasri la kifalme la Brighton, kusini mwa Uingereza, kuwa na makuba ya Kihindi kati ya 1815 na 1822. Nash hakuwahi kufika India. Alitegemea picha zilizochorwa na wasafiri Waingereza na kuchapishwa London. Kisha mtindo wa Brighton ukavuka bahari hadi Waterford. Kwa hiyo kuba unaloliona juu ya Finisk ni nakala ya nakala: kutoka majengo ya Kimughal, yaani ya wafalme Waislamu wa India, hadi kwenye karatasi, kutoka karatasi hadi Brighton, kutoka Brighton hadi kwenye daraja la shambani. Mtu aliyekulia Mombasa au Unguja atalitazama kwa jicho la peke yake. Kwetu mikono ya Kihindi kwenye milango na baraza ililetwa na mafundi wenyewe, waliovuka bahari na patasi zao. Waterford ilifika picha tu. Ukilitazama kuba ukiwa unalijua hilo, utaona limekaa juu ya tao kama kofia, na chini yake ukuta unaendelea na mambo yake ya Kigothi.

Ballysaggartmore, karibu na mji wa Lismore katika kaunti hiyo hiyo ya Waterford, si nyumba moja. Ni majengo mawili ndani ya msitu, yaliyojengwa mnamo 1834. Moja ni lango lenye nyumba ya bawabu. Jingine ni daraja la mawe juu ya kijito, lenye minara na buruji kila mwisho, kama ngome iliyokatwa katikati ili maji yapite. Mtindo ni wa ngome za Gothiki: kuta zenye meno, madirisha membamba, matao ya ncha. Aliyechora hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mtunza bustani wa milki, jina lake John Smith. Simama katikati ya daraja usikilize maji chini yako, kisha uguse ukuta. Kuvu na majani ya kangaga yameingia kwenye viungo vya mawe, na vyumba vya minarani viko wazi na unyevu. Kwa mizani na uzito wa mawe, mimi naona kazi ya mtunza bustani huyu inashinda za wasanifu wengi wa wakati wake. Alijua mahali penyewe: kijito kinapinda wapi, mgeni atatokea upande gani, mti gani utamficha mnara hadi dakika ya mwisho.

Watu walio nyuma ya jengo

Castletown ni habari ya familia ya Conolly. Jumba lilianza kujengwa 1722 kwa ajili ya William Conolly, spika wa bunge la Ireland, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni aliyepanda hadi kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Nyumba ya Batty Langley ni ya kizazi cha baadaye, enzi za Tom Conolly na mkewe Lady Louisa, waliooana 1758. Milki ilikuwa na malango kadhaa, na hili lilikuwa mojawapo ya madogo. Wakati wa kujenga uso huu familia haikuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote. Ni pambo la watu waliotulia.

Dromana inabeba simulizi ya harusi na ya kura. Mwaka 1826 Henry Villiers-Stuart aligombea ubunge Waterford akiunga mkono haki za Wakatoliki, na kwa msaada wa Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki wa Ireland, akaiangusha familia ya Beresford iliyokuwa imezoea kiti hicho. Wapigakura waliomwezesha walikuwa wakulima wapangaji waliothubutu kuwapinga wenye mashamba yao. Mwaka huo huo alimwoa Theresia Pauline Ott wa Vienna. Inasimuliwa kwamba maharusi waliporudi nyumbani walikuta wapangaji wamewasimamishia lango la Kihindi la vitu vya muda, mbao na turubai, wengine husema hata karatasi, na wakalipenda kiasi cha kuagiza lijengwe upya kwa vitu vya kudumu. Lini hasa? Wengi hutaja karibu na 1830, lakini upo mchoro wa lango wenye jina la Martin Day na mwaka 1849. Mwanafunzi anayetafuta swali la utafiti amelipata hapo.

Ballysaggartmore ina simulizi chungu. Mwenye milki aliitwa Arthur Kiely-Ussher. Inasemwa mkewe aliionea wivu ngome ya Strancally, mali ya kaka wa mumewe, akamsukuma naye ajenge kubwa zaidi. Wakaanza na barabara ya kuingilia, lango na daraja. Fedha zikaisha hapo. Kisha, viazi vilipooza na Njaa Kuu ikaingia kuanzia 1845, Kiely-Ussher alikuwa miongoni mwa wenye mashamba waliowafukuza wapangaji wao, familia zikatupwa nje katika miaka ambayo kutupwa nje kulikuwa hukumu ya kifo. Huwezi kutenganisha minara ile na watu wale, kwa sababu kodi ya wapangaji ndiyo iliyolipa mawe. Nikipita pale sipigi picha za kutabasamu. Namwomba yeyote nimpelekaye aijue habari hii kabla hajafika, si baada ya kurudi.

Jumba liko wapi?

Nyumba ya bawabu ni sentensi ya kwanza, na jumba ndilo habari yenyewe. Majibu ya tatu hizi yanatofautiana kabisa.

Castletown jumba lipo, zima, na ni la dola. Liliokolewa mwaka 1967 na Desmond Guinness pamoja na Irish Georgian Society, chama cha kuhifadhi majengo ya kale, lilipokuwa hatarini, na tangu 1994 linatunzwa na serikali. Unaweza kuona nyumba ya Gothiki asubuhi na mchana ukasimama mbele ya jumba la mtindo wa Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, lenye nguzo na mbawa mbili zilizopinda, ukauliza kwa nini familia moja ilikubali lugha mbili katika shamba moja. Jibu langu: jumba lilikuwa la siasa, nyumba ya langoni ilikuwa ya matembezi.

Dromana jumba lipo, juu ya mwamba unaoutazama mto Blackwater, na wazao wa familia bado wanaishi humo, ingawa sehemu kubwa ilibomolewa miaka ya 1960. Lango lakini limetengana na jumba. Halilindi tena kitu. Magari ya wanakijiji hupita chini ya kuba kuelekea kwenye shughuli zao, nami naona hilo limelipa lango maisha mapya badala ya kulidhalilisha. Miaka ya 1960 hiyo hiyo, Irish Georgian Society ililikuta likichakaa ikalikarabati.

Ballysaggartmore jumba halikujengwa kamwe. Waliendelea kukaa katika nyumba ya kawaida, nayo haipo tena. Unavuka daraja la minara, unafuata njia, na mbele yako kuna miti.

Safari, gharama na malazi

Castletown ni rahisi. Celbridge iko karibu na Dublin, mabasi yanafika, na ukishafika unatembea kwa miguu. Pia nyumba ya Batty Langley hukodishwa kwa wageni na Irish Landmark Trust, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 1992 kuokoa majengo madogo ya kihistoria kwa kuyafanya malazi. Ukilala humo unajifunza kitu ambacho ziara ya nusu saa haikupi: ukubwa wa chumba ukilinganisha na mwili wako, dirisha la ncha linaingiza mwanga kiasi gani asubuhi. Hukodishwa nzima kwa usiku kadhaa, kwa hiyo gharama inapungua mkiwa wawili. Kama kuna watu ndani, kuwa mstaarabu: itazame kwa nje, usichungulie madirishani.

Waterford inataka gari. Kutoka Dublin ni zaidi ya kilomita 200, na usafiri wa umma ukishaiacha miji mikubwa ni wa shida. Kutoka mji wa Cork ni karibu zaidi. Faraja yake ni kwamba Dromana na Ballysaggartmore ziko katika bonde moja la mto Blackwater, chini ya nusu saa ya gari kati yake, hivyo siku moja inatosha kwa zote mbili. Hakuna kiingilio. Dromana unahitaji robo saa hadi saa nzima, na uangalifu, kwa sababu unasimama barabarani: egesha mbali na daraja. Ballysaggartmore ni matembezi mafupi ya msituni yenye matope karibu mwaka mzima. Vaa viatu vya kazi. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu au mzee mwenye magoti mabovu, Dromana inawezekana, Ballysaggartmore itamtesa.

Langoni kwa Dromana hulali, wala minarani kwa Ballysaggartmore. Irish Landmark Trust lakini ina nyumba ya bawabu ya Salterbridge karibu na Cappoquin, katikati ya njia yako. Na ukiwa na gari na siku ya ziada, vuka uingie kaunti ya Cork, Castletownroche, ambako kuna nyumba ya bawabu ya Annes Grove, kijingome cha Gothiki kilichochorwa na Benjamin Woodward mwaka 1853. Sijaiweka kwenye mizani hii kwa sababu ingeongeza safari, si kwa sababu ni duni.

Kwa hali yako

Ukiwa Dublin bila gari, na siku moja tu, nenda Castletown bila kusitasita. Utaona nyumba ya bawabu pamoja na jumba lake, na jioni utakuwa umerudi.

Ukiwa mwanafunzi wa usanifu majengo na unachagua jengo la kupima na kuchora, jiulize unataka kuandika juu ya nini. Jinsi mtindo unavyosafiri kutoka kitabuni hadi kwenye jiwe: Castletown au Dromana, na Dromana ina umbali mrefu zaidi wa kufuatilia. Jinsi jengo linavyokaa katika ardhi yake: Ballysaggartmore, na upeleke daftari lisiloharibika kwa unyevu.

Wenye watoto wadogo watafurahia Ballysaggartmore kuliko kote, kwa minara na kijito, mradi mkono wa mtoto usiachiwe darajani. Wanandoa wanaotafuta usiku mbili za utulivu walale Batty Langley au Salterbridge. Anayependa siasa na historia ya wakulima afanye zote mbili za Waterford siku moja, aanze Dromana, ambako wapangaji walimpa mwenye shamba kiti cha bunge, kisha aende Ballysaggartmore. Mpangilio huo una maana, usiugeuze.

Aliyetoka pwani yetu na anataka kitu kitakachomgusa moyo bila maelezo mengi, nampeleka Dromana, asubuhi mapema kabla magari hayajaanza kupita. Na mdogo wangu? Amekodi gari. Atatoka Cork alfajiri, na nimemwambia akifika Ballysaggartmore avuke daraja hadi mwisho wa njia, asimame pale ambapo jumba lingekuwa, ndipo ageuke kutazama alikotoka.